Wanjirũ Wanne Katika Faili Moja

Niliandika jina la nyanya yangu kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi saba tu, na kompyuta ikajibu kwamba halimo.

Lilikuwemo. Nililiona kwa macho yangu katikati ya skrini: Wanjirũ, binti wa fulani, mke wa fulani, amezikwa Mũrang'a. Nikafuta, nikaandika upya polepole. Halimo. Nikalinakili kutoka kwenye ule mstari wenyewe na kulibandika kwenye kisanduku. Sasa likapatikana, ila Wanjirũ wengine niliokuwa nimewaona awali wakatoweka.

Ukoo wa Kikuyu hauwezi kuwa na Wanjirũ mmoja. Binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, wa pili la mama mzaa mama, na kwa mtindo huo jina moja hurudi kila baada ya kizazi. Orodha ya ukoo isiyoweza kutafutwa kwa jina Wanjirũ haitafutiki kabisa.

Kwa wiki kadhaa sikuweza kuliacha jambo hilo. Nililala nalo.

## Zinafanana, si sawa

Faili hilo halikuandikwa na mtu mmoja. Kila nyumba ilipewa kazi ya kuorodhesha watu wake, mmoja akachapa kwenye simu akiwa ndani ya matatu, mwingine kwenye kompyuta ya kazini, mwingine akatoa majina kwenye programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba, zilizohifadhiwa kama PDF. Kisha yote yakaunganishwa.

Nilipoyapanua na kuangalia namba za herufi moja moja, nilikuta Wanjirũ wanne.

Wa kwanza ni Wanjiru, bila alama yoyote, kama kitambulisho kinavyomwandika.

Wa pili ni Wanjirû. Hicho siyo kiwimbi, ile alama ya wimbi (~) inayokaa juu ya ũ, ni kofia, ile alama ya Kifaransa. Binamu aliyeandika hivyo alinieleza bila kusitasita: ukishikilia herufi u kwenye kibodi ya simu yake, vinatokea vichaguo kadhaa, û ikiwemo na ũ haimo. Akachagua iliyo karibu zaidi.

Wa tatu ni Wanjirũ mwenye ũ iliyo herufi moja kamili. Katika Unicode, ule mpango unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, ũ hiyo ni 0169, na mwenzake ĩ ni 0129.

Wa nne ndiye aliyenisumbua. Kwa macho hana tofauti hata chembe na wa tatu, lakini ndani yake kuna u ya kawaida, namba 0075, ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea, namba 0303, ambacho kompyuta huamriwa kukiweka juu ya herufi iliyotangulia. Kwangu mimi hiyo ni herufi moja. Kwa programu ya kutafuta iliyoandikwa bila uangalifu, ni mbili, na haziwezi kulingana na moja.

Unicode inajua vizuri kwamba njia hizo mbili ni kitu kimoja. Imeweka kanuni ya kuzipatanisha, inayoitwa NFC pale herufi na alama yake zinapounganishwa, na NFD pale zinapotenganishwa. Tatizo ni kwamba kanuni haijitekelezi. Kuna mifumo ya faili iliyokuwa ikitenganisha kila kitu kimyakimya, na maandishi yanayotolewa kwenye PDF mara nyingi huja yametengana. Asipokuwepo mtu wa kuyaunganisha, yanabaki hivyo.

Kulikuwa pia na ukurasa mmoja wa kale kutoka kwenye barua pepe, ambapo Gĩkũyũ, jina la kabila zima, lilikuwa limegeuka GÄ©kÅ©yÅ©. Huo sikuuhesabu kwa sababu kuutengeneza ni rahisi. Katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi namba za Unicode ndani ya kompyuta, ĩ huhifadhiwa kwa baiti mbili, C4 na A9. Programu inayodhani kwamba kila baiti ni herufi ya Ulaya Magharibi huzisoma kama Ä na ©. Hakuna kilichopotea hapo. Kilichokosewa ni usomaji, na ukiufungua kwa njia sahihi kila kiwimbi hurudi mahali pake.

## Bahati iliyotoka Greenland

Nilikuwa nimeamini kwamba kompyuta hazina herufi zetu kwa sababu hakuna aliyetufikiria. Nusu ya imani hiyo ni kweli.

Orodha ya herufi iliyotawala kompyuta nyingi kabla ya Unicode, ISO 8859-1, ilitengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Ina ã na õ za Wareno, ina ñ ya Wahispania. ĩ na ũ hazimo. Lakini orodha dada, ISO 8859-4 ya mwaka 1988, inazo zote mbili. Ilikusudiwa kwa nchi za Baltiki na kwa lugha za kaskazini, Kigrinilandi kikiwa mojawapo, na tahajia ya zamani ya Kigrinilandi iliandika viwimbi juu ya irabu. Wagrinilandi wenyewe walikuwa wamebadilisha tahajia yao tangu 1973. Herufi walizoziacha zikabaki kwenye orodha.

Kivietinamu nacho kinatumia ĩ na ũ kila siku, kuonyesha mojawapo ya toni zake. Unicode ilipotoka mwaka 1991, herufi hizo zilikuwemo zimekamilika, kila moja na namba yake.

Kwa hiyo Wakikuyu, Wakamba, Wameru na Waembu, wote wanaoandika kwa viwimbi hivi, walikuta nyumba imeshajengwa na wengine. Mpaka leo njia mojawapo ya haraka ya kuandika Gĩkũyũ ni kuweka kibodi ya Kivietinamu ya mtindo wa Telex: unabonyeza i kisha x, inatokea ĩ, u kisha x, inatokea ũ. Katika Microsoft Word, andika 0129 kisha bonyeza Alt na X pamoja. Ukishazoea, vidole vinafanya vyenyewe.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Lingala ikiandikwa kikamilifu, pamoja na toni zake, inahitaji ɛ́ na ɔ́, na hizo hazina namba moja moja. Lazima uandike herufi kisha alama. Kiyoruba kina ẹ́, hali ni ileile. Kiguarani cha Paraguay kina g̃, herufi halali ya alfabeti yao, nayo haina namba yake peke yake. Wala haitapewa, kwa sababu Unicode iliahidi kwamba herufi inayoweza kuundwa kwa vipande vilivyopo haitaongezwa tena ikiwa nzima. Nilipolielewa hilo niliacha kulalamikia kiwimbi kinachojitegemea. Kwetu ni usumbufu, kwa mtu wa Kinshasa anayeandika toni zake ndiyo njia pekee aliyonayo.

## Ujumbe wa mweka hazina

Mweka hazina wa mkutano wetu wa ukoo hutuma ujumbe mfupi kwa watu wote kabla ya kila kikao. Anauandika kwa Gĩkũyũ, bila kiwimbi hata kimoja.

Kwa muda mrefu nilidhani hajali. Nilipomuuliza, alinionyesha bili.

Ujumbe wa SMS una nafasi ya herufi 160, lakini hizo ni 160 za alfabeti maalumu ya GSM, ule mfumo wa simu za mkononi, iliyopangwa Ulaya. Alfabeti hiyo ina Å na Ø, ina ñ, ina ü, ina hata herufi kubwa za Kigiriki kama Δ na Ω. Ukitia ndani ya ujumbe herufi moja tu isiyokuwemo, ujumbe wote unahamishiwa kwenye mfumo mwingine ambamo kila herufi inachukua nafasi kubwa zaidi, na kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Tangazo lake la herufi 150, ambalo lingekwenda kama ujumbe mmoja, linakuwa vipande vitatu, na anayetuma kwa wingi hulipia kila kipande.

ĩ moja, malipo mara tatu.

Alikuwa anaondoa viwimbi ili kulinda pesa za wanachama. Nilitoka kwake nikiwa na heshima mpya kwa watu ninaowaona wakiandika lugha yao ikiwa uchi. Wengi hawajasahau chochote. Wamefanya hesabu.

## Kama wote tunaelewa

Hapo ndipo shaka iliponiingia sawasawa.

Ndugu yangu mmoja aliniambia kwa upole, "Tumeandika Wanjiru tangu darasa la kwanza. Ni nani aliyewahi kupotea?"

Sikuwa na jibu. Lugha ya Gĩkũyũ ina irabu saba: a, e, ĩ, i, o, ũ, u. Ukiondoa viwimbi zinabaki tano, na maneno mawili huweza kugongana: guka ni babu, gũka ni kuja. Lakini niambie ni sentensi gani ya kweli ambamo msomaji atashindwa kujua kama ni babu au ni kuja. Sikumbuki kuiona. Na toni, ambazo Gĩkũyũ inazitegemea sana, hatuziandiki kabisa, na bado tunasomana. Kama tunaweza kuishi bila alama za toni, kwa nini nikeshe kwa ajili ya viwimbi?

Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Kuna wakati nilikaribia kuondoa viwimbi vyote kwenye faili, kila jina liwe tupu, utafutaji ufanye kazi, kazi iishe. Ingekuwa dakika chache.

Kilichonizuia ni mtoto. Binti wa binamu yangu anayekulia Uingereza alipewa sehemu ya orodha aisome kwenye simu ya video, wazee wakisikiliza. Alisoma vizuri, kwa bidii. Alipofika kwa Waithera alilisoma kama lilivyoandikwa, kwa e iliyo wazi kabisa, kama e ya neno la Kiswahili. Wazee wakatazamana. Jina hilo ni Waithĩra. Irabu ile inakaa kati ya e na i, na kwa sikio la mgeni aliyekuwa akiandikisha watu ilisikika kama e, ndiyo maana vitambulisho vingi vina e hadi leo. Mji wa Nyeri uliandikwa hivyohivyo. Wenyewe huuita Nyĩrĩ.

Mtoto hakukosea. Alisoma karatasi, na karatasi ndiyo iliyomdanganya.

Sisi tunaosema "tunaelewa" tuna sikio tayari. Tunapoona Wanjiru, mdomo unajaza kilichokosekana kabla jicho halijamaliza. Kwetu kiwimbi ni cha ziada kweli. Kwa asiyelala na lugha hiyo masikioni ndicho chenye habari, na orodha ya ukoo inaandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: wasiozaliwa bado, waliozaliwa mbali, watakaoikuta sisi hatupo wa kuwasomea.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, nilisoma tanzia zake nyingi. Baadhi zilimwandika Ngugi, nyingine Ngũgĩ. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutetea kuandika kwa lugha ya mama, na jina lake lina viwimbi viwili tu. Sidhani kulikuwa na chumba cha habari kilichoshindwa kuviandika mwaka huo. Kulikuwa na vyumba ambavyo hakuna aliyeuliza.

## Mahali mashine inapoishia

Kijana mmoja wa ukoo anayeandika programu alitusaidia. Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi mno: amri moja ya kupitisha faili lote kwenye NFC, na Wanjirũ wa tatu na wa nne wakawa mtu mmoja.

Hatua ya pili ilionekana nyepesi vilevile. Gĩkũyũ haina û wala î, basi kila kofia ibadilishwe iwe kiwimbi. Kabla ya kuiendesha alitoa orodha ya kila neno litakalobadilika, akaniletea niipitie. Ndani yake kulikuwa na Benoît, mkwe wetu kutoka Kongo.

Amri ile ingemfanya Benoĩt.

Nimelifikiria hilo kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii. Nilikuwa nikipigania haki ya jina moja kuandikwa linavyotamkwa, na kwa amri ileile ningeliharibu jina la mwingine, ambaye kofia yake ni halali kama kiwimbi changu. Tulipitia kila kofia kwa jicho. Ilichukua jioni nzima, na ninaamini hakuna njia nyingine ya heshima.

Hatua ya tatu haikuwa ya mashine hata kidogo. Majina yaliyoandikwa tupu hayana habari ndani yake. Ukiona Kimani, kompyuta haiwezi kujua kwamba i ya kwanza ina kiwimbi, Kĩmani. Ukiona Nyaguthii, i mbili zimekaa pamoja, moja ina kiwimbi na jirani yake hana: Nyagũthiĩ, kutoka gũthiĩ, kwenda. Kukisia ni hatari. Watu wanaotaka kuonyesha kwamba wanajali huweka viwimbi kila mahali, hadi Wanjirũ anakuwa Wanjĩrũ, na huyo hayupo.

Nikampigia shangazi yangu, mwalimu mstaafu.

"Tata, nataka unitamkie majina."

"Yote?"

"Yale yasiyo na viwimbi."

Akanyamaza kidogo. "Lete kiti basi, mwanangu. Hayo ni mengi."

Alitamka, nikaandika. Jina likimtatiza hakukisia: alimpigia mtu wa nyumba ile, kisha akanirudia. Mara nyingine alisimama kusimulia aliyeitwa hivyo, na nikaanza kuandika hayo pia pembeni. Siku ya pili aliniuliza kwa nini kompyuta inahitaji kuambiwa vitu ambavyo kila mtu anavijua. Nikamwambia kwamba binti wa Uingereza havijui. Baada ya hapo alianza kunipigia yeye mwenyewe.

## Ukali wa kuhifadhi, wepesi wa kutafuta

Nilichojifunza kwa vitendo ni kwamba kuna kazi mbili tofauti na tumezichanganya.

Kuhifadhi jina kunahitaji ukali. Liandikwe kamili, kwa namna moja, NFC, kila kiwimbi mahali pake. Kutafuta kunahitaji wepesi: anayechapa "wanjiru" kwenye simu ya bei ndogo ampate Wanjirũ bila kuadhibiwa. Hifadhidata nyingi zinaweza kufanya hivyo tayari, kuna mpangilio unaofanya ũ na u zihesabiwe sawa wakati wa kulinganisha. Tahadhari ni moja: mpangilio huohuo ukitumika kuzuia majina yasijirudie, gũka itakataliwa kwa sababu guka imeshaingia.

Na tafadhali tusitumie haya kuwaaibisha watu. Katika kundi la WhatsApp andika upendavyo. Mweka hazina aendelee kuokoa pesa zetu. Ninapokuwa mkali ni pale jina linapochongwa au kuwekwa: msalaba wa kaburi, programu ya mazishi, cheti, jalada la kitabu. Nimeshika programu za mazishi ambamo jina la marehemu limepambwa kwa fonti ya kuvutia, na ũ peke yake imetoka kwa fonti nyingine, nene na ngeni, kwa sababu ile ya mapambo haikuwa nayo. Mchapaji angejaribu jina kabla ya kuchagua fonti. Hilo ndilo ninaloomba kwa kila mchapaji sasa, na hakuna aliyekataa.

Wanaotengeneza fomu husema mashine hazikubali. Katika pasipoti, ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, yenye nafasi 44 kila mmoja, kweli hukubali A hadi Z, tarakimu na alama ya < pekee. Kanuni hiyo ya kimataifa haigusi jina lililochapwa juu yake kwa ajili ya macho ya binadamu. Hapo pana nafasi ya herufi zenye alama, na nchi nyingi zinaitumia.

Msomaji wa Kiswahili asidhani hili ni la majirani peke yao. Kiswahili hakina viwimbi, lakini kina ng'. Ile alama ya ng'ombe huandikwa wima kwenye kompyuta moja, ikapinda kwenye simu nyingine, na wakati mwingine huandikwa kama alama ya kufungua nukuu, ikitazama upande usiofaa. Ni namba tatu tofauti za Unicode. Tafuta "ng'ombe" kwenye faili refu lililoandikwa na watu wengi uone wangapi wanakosekana.

## Waliobaki

Orodha inatafutika sasa. Majina mengi yana viwimbi vyake, na kando ya kila jina kuna safu inayosema nani alilitamka na lini.

Yamebaki machache ambayo hakuna aliyeyasikia yakitamkwa. Hayo tumeyaacha tupu, yakiwa na neno "haijathibitishwa" mbele yake, kwa sababu kiwimbi cha kubahatisha ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Na lipo moja, la mama yake babu mkuu, ambalo wazee wawili wanalitamka kila mmoja kwake, huyu kwa ĩ, yule kwa e. Wote wawili walikua wakilisikia nyumbani, na hakuna anayekubali kurudi nyuma. Shangazi anataka niandike la upande wake. Nimeandika yote mawili, kila moja na jina la mzee aliyelitamka, na kwenye kisanduku cha kutafutia yote mawili yanamleta mama huyohuyo.